Uvujaji katika Nyambizi ya Rimoti: Kuutafuta na Kuuziba

Mada zinazohusika: kanieneo katika vimiminika, kanuni za gesi, kanuni ya Archimedes, kapilari.

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza sharti la maji kuingia katika chombo kilichofungwa;
(b) kukokotoa tofauti ya kanieneo kati ya ndani na nje ya chombo;
(c) kupanga jaribio la kutafuta uvujaji na kulihakiki;
(d) kupendekeza namna ya kuziba kwa kutoa sababu za kisayansi.

Katika hesabu zote tumia g = 10 N/kg, densiti ya maji baridi = 1,000 kg/m³ na kanieneo ya angahewa = 100 kPa.

1. Utangulizi

Uingereza, Ujerumani na Marekani wapo watu wanaounda nyambizi ndogo kwa mikono yao na kuziendesha kwa rimoti katika mabwawa. Nyambizi ya namna hiyo huweza kumchukua fundi miezi mingi. Siku moja inazama vizuri, lakini inachelewa kuibuka, na inapoibuka tezi imelala chini kuliko omo. Fundi anaifungua na kukuta maji ndani. Maji yamepita wapi?

Wengi hukimbilia gundi na kuipaka kila mahali. Wiki inayofuata nyambizi inavuja tena, na sasa tundu lenyewe limefunikwa na gundi, halionekani. Mwanasayansi hafanyi hivyo. Hutafuta kwanza, kisha huziba. Katika mtihani pia, anayetaja dawa bila kueleza chanzo hupata alama chache.

2. Muundo wa nyambizi

Ganda la nje la nyambizi nyingi za aina hii hutobolewa makusudi ili maji yaingie na kutoka. Ndani yake kuna silinda kavu ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, yenye kifuniko kila upande. Humo hukaa betri, mota, kipokezi cha redio na tangi la maji. Tangi likijazwa, nyambizi huzama. Likitolewa maji, huibuka.

Silinda hii haiwezi kukosa sehemu nne za hatari:

(i) mahali kifuniko kinapokutana na silinda;
(ii) shafti inayozungusha rafadha;
(iii) vijiti vinavyosukuma usukani na mapezi;
(iv) nyaya zinazotoka nje, pamoja na antena.

Sehemu ya tano ni ufa, ambao haukupangwa na mtu.

3. Kanuni kuu

Ili maji yaingie ndani ya silinda, mambo mawili lazima yawepo kwa wakati mmoja: njia na tofauti ya kanieneo. Tundu lisilo na tofauti ya kanieneo halisukumi maji. Tofauti ya kanieneo isiyo na tundu haipitishi kitu. Kwa hiyo kila swali kuhusu uvujaji ligawe mara mbili: njia iko wapi, na nini kinasukuma?

Wanafunzi wengi hujibu sehemu ya pili kwa neno moja tu: kina. Kina ni chanzo kimoja. Viko vyanzo vingine viwili ambavyo huwashangaza hata mafundi wazoefu.

3.1 Kina cha maji

*Mfano 1.* Kifuniko cha silinda kina kipenyo cha sm 10. Nyambizi iko kina cha m 1.5, na hewa ya ndani ina kanieneo ya angahewa. Tafuta kani inayokisukuma kifuniko.

Kanieneo ya ziada = ρgh = 1,000 × 10 × 1.5 = 15,000 Pa
Eneo = πr² = 3.14 × (0.05)² = 0.00785 m²
Kani = 15,000 × 0.00785 = 117.75 N, yaani karibu 118 N.

Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa karibu kilo 12 uliowekwa juu ya kifuniko kisichozidi upana wa sahani ndogo. Angalia upande wa kani hiyo: inakisukuma kifuniko kwenda ndani. Mara nyingi hilo hukikaza zaidi. Ndiyo maana kifuniko kinaweza kuvuja karibu na uso wa maji na kuacha kuvuja kinapokwenda chini.

3.2 Kupoa kwa hewa ya ndani

*Mfano 2.* Fundi anafunga silinda juani, hewa ya ndani ikiwa na joto la 37 °C. Kisha anaiweka nyambizi kwenye bwawa lenye maji ya 22 °C. Ujazo haubadiliki.

Badili kwanza kwenda kelvini: 37 + 273 = 310 K; 22 + 273 = 295 K.
P₁/T₁ = P₂/T₂
P₂ = 100 × 295/310 = 95.2 kPa
Upungufu = 100 − 95.2 = 4.8 kPa

Kina chenye kanieneo ya ziada ya 4.8 kPa ni h = 4,800/(1,000 × 10) = m 0.48. Maana yake, silinda inayoelea juu ya bwawa inavuta maji kana kwamba iko karibu nusu mita chini. Nyambizi haijazama bado, lakini uvujaji umeanza.

Tiba: iache nyambizi ipoe ndani ya maji kwa dakika kadhaa, kisha fungua vali ndogo iliyo juu ya usawa wa maji ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Funga vali, ndipo uzame.

3.3 Tangi la pistoni

Baadhi ya nyambizi huvuta maji kwa pistoni, kama bomba la sindano. Pistoni inaporudi nyuma kuvuta maji, huibana hewa iliyomo ndani ya silinda. Inapotoa maji, hewa hiyo hutanuka tena.

*Mfano 3.* Hewa ndani ya silinda ina ujazo wa sm³ 2,000 kwa 100 kPa. Tangi linavuta sm³ 250 za maji. Joto halibadiliki.

P₁V₁ = P₂V₂
100 × 2,000 = P₂ × 1,750
P₂ = 114.3 kPa

Kwenye kina cha m 1, kanieneo ya nje ni 100 + 10 = 110 kPa. Ya ndani ni kubwa kuliko ya nje! Kukiwa na tundu, maji hayaingii. Hewa ndiyo inayotoka. Tuseme nyambizi imekaa hapo hadi kanieneo ya ndani ikashuka kuwa 110 kPa. Sasa fundi anatoa maji, nyambizi inaibuka, na hewa iliyobaki inarudi kwenye ujazo wa sm³ 2,000:

110 × 1,750 = P × 2,000
P = 96.25 kPa

Kanieneo ya ndani imepungua kuliko ya angahewa kwa 3.75 kPa, sawa na sm 37.5 za maji. Nyambizi imerudi salama juu, fundi anashangilia, na wakati huohuo maji yanaingia kupitia tundu lilelile lililotoa hewa. Anapoifungua na kukuta maji, anasema, "Ilivuja ilipokuwa chini." Siyo. Dalili ya kweli ilikuwa viputo vilivyopanda wakati nyambizi iko chini.

> Kumbuka: Mwelekeo wa uvujaji huamuliwa na tofauti ya kanieneo, wala si na kina peke yake.

4. Hatari ya maji machache

Kwa kanuni ya Archimedes, msukumo wa maji wa kwenda juu ni sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Maji yakivuja ndani ya silinda, ujazo wa nje haubadiliki, hivyo msukumo haubadiliki. Kinachoongezeka ni uzito.

*Mfano 4.* Nyambizi imepimwa ikabaki nyepesi kwa g 20 hata tangi likiwa limejaa. Maji sm³ 45 yamevuja ndani. Je, itaendelea kuelea?

Maji sm³ 45 yana tungamo la g 45. Uzito umezidi msukumo kwa g 45 − 20 = 25, yaani kani ya 0.25 N kwenda chini. Nyambizi itazama, ingawa maji yaliyoingia hayajazi hata kikombe kidogo cha kahawa.

Tangi lenye g 250 za maji likitolewa lote, nyambizi huwa nyepesi kwa 250 − 25 = g 225, na huibuka. Lakini uvujaji ukizidi jumla ya g 270, tangi halitoshi tena. Kwa sababu hiyo, mafundi huweka nyaya mbili zilizo wazi chini kabisa ndani ya silinda. Maji yakizigusa zote mbili, mkondo wa umeme hupita kati yake na saketi huamuru tangi litoe maji mara moja, fundi ajue au asijue.

5. Kutafuta uvujaji: hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Hakikisha ni uvujaji. Hewa yenye unyevunyevu ikifungiwa silindani na kupozwa, mvuke wake hugeuka matone. Matone hayo hutapakaa kwenye ukuta wa ndani kama kioo cha gari asubuhi ya baridi. Ili kutofautisha, kausha silinda kwa nje na uipime kwenye mizani kabla na baada ya kuizamisha. Mvuke uliogeuka matone ulikuwa tayari ndani, hivyo tungamo halibadiliki. Tungamo likiongezeka, maji yametoka nje.

Hatua ya 2: Usidanganywe na mahali maji yalipokutwa. Maji hutiririka hadi sehemu ya chini kabisa. Yakikutwa tezini, haina maana kwamba yaliingilia tezini. Kausha silinda, funga tishu kavu kuzunguka kila sehemu ya hatari, funika, kisha zamisha kwa dakika 30. Tishu iliyolowa kwanza ndiyo shahidi.

Hatua ya 3: Jaza hewa kidogo, tafuta viputo. Fundi baiskeli anayetafuta pancha huujaza mpira upepo na kuuzamisha kwenye karai la maji. Fanya vivyo hivyo. Unganisha bomba la sindano na vali ya silinda, ongeza hewa, funga vali, kisha zamisha.

Hewa kiasi gani? Tuseme unataka 5 kPa za ziada katika silinda ya sm³ 2,000:
100 × (2,000 + x) = 105 × 2,000
x = sm³ 100
Bomba la sm³ 50 litasukumwa mara mbili tu. Usizidishe: kanieneo ya ndani inasukuma vifuniko nje, kinyume na kazi vilivyotengenezewa, na huweza kuving'oa au kuleta uvujaji ambao haukuwepo.

Ukizamisha, pangusa kwanza viputo vilivyonasa nje. Kiputo kilichokwama mahali pamoja si uvujaji. Viputo vinavyofuatana kutoka sehemu moja ni uvujaji. Zungusha shafti na sogeza vijiti vya usukani huku ukitazama, kwa kuwa sili iliyochakaa huweza kushika ikitulia na kuachia ikisogezwa. Sehemu isiyozamishika ipake maji ya sabuni uone povu.

Hatua ya 4: Pima kwa manometa. Unganisha silinda na mrija wa plastiki uliopindwa umbo la U, wenye maji ya rangi. Kwa 5 kPa, tofauti ya usawa wa maji katika mikono miwili itakuwa sm 50. Subiri dakika 10. Tofauti ikipungua, hewa inatoka. Joto lisibadilike wakati wa kupima, kwa sababu silinda ikipoa tofauti hupungua hata bila tundu lolote.

Hatua ya 5: Hakiki kipimo chenyewe. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Usipoona viputo, sababu zaweza kuwa mbili: hakuna tundu, au hewa haikuingia kabisa kwa kuwa mrija umeziba. Legeza kifuniko kimoja makusudi, kisha rudia. Viputo vikitokea, kipimo kinafanya kazi na jibu la awali laweza kuaminika. Visipotokea, kipimo ndicho kibovu.

Historia ina funzo chungu juu ya jambo hili. Tarehe 1 Juni 1939, nyambizi ya Uingereza iitwayo HMS Thetis ilikuwa kwenye majaribio katika ghuba ya Liverpool. Kila mrija wa kurushia topido ulikuwa na tundu dogo la kupimia kama mrija una maji. Tundu la mrija namba 5 lilikuwa limezibwa na rangi. Maji hayakutoka, ikadhaniwa mrija ni mtupu, na mlango wa ndani ukafunguliwa. Mlango wa nje ulikuwa wazi kwa bahari. Watu 99 walikufa. 4 tu walinusurika. Tundu lililoziba halikusema "hakuna maji". Halikusema kitu.

6. Kuziba

Ziba chanzo kimoja, pima tena, ndipo uende kingine. Ukiziba vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu.

(a) Pete ya mpira ya kifuniko, ambayo mafundi huiita oringi. Itoe, ifute, kagua pete na mfereji wake. Unywele mmoja au punje ya mchanga hutosha kuacha njia. Pete iliyobanwa ikawa bapa ibadilishwe. Paka grisi ya silikoni kidogo sana: kazi yake ni kuiwezesha pete ikae bila kujisokota, si kuziba tundu. Mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli hayafai kwa mpira wa asili, kwani huuvimbisha na kuulainisha. Kaza skurubu kwa kupishana, kidogo kidogo, kama nati za gurudumu, ili kani igawanyike sawasawa.

(b) Shafti ya rafadha. Kabla ya kubadili sili, pitisha ukucha juu ya shafti. Ikiwa na mkwaruzo, sili mpya nayo itachakaa. Angalia pia kama mota na shafti viko kwenye mstari mmoja. Visipokuwa hivyo, shafti hutikisika na kulitanua tundu la sili. Badili shafti, nyoosha mota, weka sili mpya, kisha jaza grisi kwenye mrija wake.

(c) Vijiti vya usukani na mapezi. Mipira yake hupasuka kwenye mikunjo. Ivute polepole uone ufa, kisha badilisha.

(d) Nyaya. Hapa njia imejificha. Waya laini una nyuzi nyingi za shaba ndani ya plastiki, na kati ya nyuzi hizo kuna nafasi nyembamba. Maji hupanda humo kwa kapilari, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na tofauti ya kanieneo huyasukuma mbele zaidi. Gundi iliyopakwa nje ya plastiki haizuii kitu, kwa kuwa njia iko ndani ya waya. Menya sehemu fupi ya waya, jaza risasi ya kulehemia kati ya nyuzi, kisha funika sehemu hiyo kwa gundi ya epoksi pale inapopita kwenye kifuniko.

(e) Ufa wa silinda. Toboa kitundu kidogo kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee. Safisha grisi yote, kausha, kisha paka gundi upande wa nje. Maji yataisukuma gundi ishikamane na ukuta. Ukiipaka ndani, maji yatajaribu kuibandua. Ufa ukiwa mrefu, badilisha silinda.

7. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kutumia °C badala ya K katika kanuni za gesi.
- Kusema maji yaliyovuja "hupunguza msukumo wa maji". Huongeza uzito, msukumo haubadiliki.
- Kuandika kwamba uvujaji hutokea nyambizi ikiwa chini tu.
- Kuhitimisha "hakuna uvujaji" bila kuhakiki kipimo.

8. Maswali ya kujipima

1. Silinda ilifungwa kwa 42 °C na 100 kPa, ikapozwa hadi 27 °C. Kokotoa kanieneo mpya na kina cha maji kinacholingana na upungufu huo.
2. Nyambizi iliyojaza tangi lake ni nyepesi kwa g 30. Maji sm³ 100 yamevuja ndani. Tangi lina g 200 za maji. Je, itazama? Je, inaweza kuibuka?
3. Mwanafunzi alizamisha silinda iliyojazwa hewa, hakuona viputo, akasema haivuji. Toa sababu mbili za kutilia shaka jibu lake.
4. Kwa nini gundi ya kuziba ufa ipakwe nje?

Majibu

1. P = 100 × 300/315 = 95.2 kPa. Upungufu 4.8 kPa, sawa na m 0.48 za maji.
2. Itazama: uzito umezidi kwa g 100 − 30 = 70, yaani 0.7 N kwenda chini. Tangi likitolewa maji, kani inakuwa 2.0 − 0.7 = 1.3 N kwenda juu, itaibuka.
3. Huenda mrija wa hewa uliziba, hivyo silinda haikuwa na kanieneo ya ziada. Huenda hakuzungusha shafti wala kusogeza vijiti, na sili inavuja ikisogezwa tu. Alipaswa kulegeza kifuniko makusudi ili kuhakiki kipimo.
4. Kanieneo ya maji ya nje huikandamiza gundi kwenye ukuta wa silinda badala ya kuibandua.